Santuri Iliyokwanguliwa Jina

Arístides Marrugo hakuwa mtu wa kusema uongo. Majirani zake wa mtaa wa Olaya walimwachia funguo za nyumba zao wanaposafiri, na ugomvi wa mipaka ya nyua ulipozuka, neno lake lilitosha kuumaliza. Uongo wake ulikuwa mmoja tu. Lakini huo mmoja aliusema kwa kipaza sauti, mbele ya umati, kila Jumapili, kwa miaka ishirini na minane.

“Mabibi na mabwana,” alikuwa akitangaza, “sasa Mchwa anawaletea Msumari! Umevuka bahari kutoka Afrika, umeletwa na baharia mkononi, na mwenzake hayupo duniani!”

Mchwa lilikuwa jina la pikó yake, mtambo wa muziki wenye maspika sita marefu kuliko mtu. Juu ya kitambaa cha mbele alichorwa mchwa mwenye taji, akitafuna mbao za spika la jirani. Katika mji wa Cartagena wa siku zile, kila mtaa ulikuwa na pikó, na pikó zilipigana vita. Silaha ya vita hivyo ilikuwa santuri. Aliyekuwa na wimbo ambao mwenzake hana ndiye aliyejaza uwanja. Aliyekosa alibaki na maspika yake na mbwa wawili watatu.

Kwa hiyo mwenye pikó alipopata santuri nzuri, kazi yake ya kwanza ilikuwa kuchukua wembe na mafuta ya taa na kuikwangua lebo ya katikati mpaka ikabaki nyeusi tupu. Jalada alilichoma. Wimbo akaupa jina la kwake mwenyewe. Wapelelezi wa wapinzani walichungulia begani pake wakaona duara lisilo na neno. Hakuna aliyeona kuwa ni dhambi. Ndivyo kazi ilivyofanywa, na Arístides aliifanya kwa nidhamu kuliko wote: katika maisha yake yote hakupata kutaja jina la santuri hata moja, hata kwa marehemu mkewe.

Asubuhi moja ya Novemba mwaka 2011, alipokuwa na umri wa miaka sabini na mmoja na Mchwa akipiga kwa sikukuu chache tu, alifika nyumbani kwake mtu kutoka Bogotá, Matías Urdaneta, ambaye kazi yake ilikuwa kutafuta albamu zilizosahauliwa na kuzitoa upya. Yomaira, binti yake Arístides, ambaye sasa ndiye aliyekuwa msimamizi wa Mchwa, alileta kahawa.

“Don Arístides,” alisema Matías, “nimeusikia Msumari kwenye kaseti mbovu iliyorekodiwa uwanjani. Tangu siku hiyo silali vizuri. Nimewasikilizisha watu wa Kongo, wa Senegali, wa Nigeria. Wote wananiambia, ngoma tunaielewa, maneno hatuyajui. Mmoja akanicheka kabisa. Kaniambia, ‘Kaka, huyo mama ni wa kwenu.’”

Yomaira aliangua kicheko. “Baba! Si ulituambia baharia?”

“Weka sukari mezani,” alisema Arístides.

“Nataka kuitoa albamu nzima,” Matías aliendelea. “Lakini bila majina ya waliopiga, siitoi. Kazi isiyo na wenyewe siigusi. Na kama mwimbaji yu hai, mzee wangu, nataka habari imfikie akiwa hai. Nitarudi baada ya wiki mbili.”

Arístides alimsindikiza mpaka mlangoni kwa heshima zote, akarudi kuketi. Kahawa yake ilipoa.

“Unamjua huyo mwimbaji,” alisema Yomaira.

“Namjua.”

“Basi mwambie huyo bwana. Mambo ya ushindani yameshapita, Baba. Hao wapinzani wako nusu yao wako makaburini, nusu wako na kisukari.”

“Si suala la ushindani.”

Ndipo akamweleza binti yake jambo ambalo hakuwahi kumweleza mtu.

Mwaka 1976 kampuni ndogo ya Barranquilla ilichapa nakala mia tatu za albamu iliyoitwa *Nyumba ya Mabati*, ya kikundi kutoka María la Baja, mashambani kusini mwa Cartagena: mwanamke akiimba kwa lugha ya kale ya wazee wa huko, iliyoeleweka na wachache tu mjini, ngoma mbili, waitikiaji wawili, na kaka wa mwimbaji akipiga gitaa la umeme kwa mtindo ambao hakuna aliyepata kuusikia, noti fupifupi kama mtu anayepigilia misumari. Nakala zote zililetwa kwenye duka la Don Efrén mjini Cartagena, kwa kuwa ndilo lililouza santuri za pwani ile. Efrén akampigia Arístides sehemu ya wimbo wa kwanza, wenye jina la albamu yenyewe, na kabla haujafika katikati Arístides alikwisha kuweka kiganja juu ya boksi.

Makubaliano yao yalikuwa ya kawaida katika biashara ile. Arístides angelipa vizuri na kuchukua nakala moja, nyingine zote zingekaa stoo, nyuma ya magunia, mpaka Msumari umalize msimu wake. Msimu ukawa miezi sita. Gari la kampuni lilipokuja kukusanya zisizouzwa, Efrén alizitoa zote na kuandika kwenye fomu: hakuna aliyeuliza. Ilikuwa kweli. Nani angeuliza kitu asichokiona? Kampuni ikaziyeyusha kutengeneza santuri za Krismasi.

“Nilipopata habari hiyo,” alisema Arístides, “nilimnunulia Efrén chupa ya ramu. Nilisherehekea, Yomaira. Mpaka hapo tulikuwa tumezificha tu. Sasa nilijua kwa hakika hakuna nyingine duniani.”

Yomaira hakucheka tena.

“Na hilo si baya kuliko yote. Kabla ya gari kuja, yule mwimbaji alikuja dukani. Alikuwa amevaa gauni la kanisani. Akamwuliza Efrén, ‘Zinauzika?’ Efrén akamjibu, ‘Hata moja, mama. Watu siku hizi wanataka vitu vya Afrika.’ Mimi nilikuwa hapo hapo kaunta nakunywa soda. Jumapili iliyotangulia watu elfu moja walikuwa wameicheza sauti yake mpaka vumbi likaziba taa. Nilitazama feni ya darini mpaka akaondoka.”

“Jina lake nani?”

“Eneida. Hilo niliona kwenye jalada, kwa herufi kubwa. Ya wengine nilikwangua na kuchoma kabla ya kuyasoma.”

Arístides aliketi siku nzima na jina hilo. Angeweza kuandika kikaratasi chenye jina moja na kijiji kimoja, amkabidhi Matías, na mengine yangejitafutia njia. Mtu wa Bogotá angekwenda María la Baja na habari njema, mwanamke angefurahi, na hakuna ambaye angeuliza zile nakala mia tatu zilikwenda wapi. Arístides aliligeuza wazo hilo na kuliona jinsi lilivyo: ni kutazama feni kwa mara ya pili.

Keshokutwa yake alivaa shati jeupe, akaifunga santuri kwa taulo, akaenda María la Baja.

Haikuwa vigumu kumpata. Doña Eneida Salgado alikuwa fundi wa sare za shule, na cherehani yake ya miguu ilikaa mbele ya mlango uliokuwa wazi. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na mitatu, mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi, subana ya chuma ya kukinga sindano kidoleni.

“Hodi, mama. Naitwa Arístides Marrugo. Wa Mchwa, Cartagena.”

“Mchwa?” Hakuinua macho. “Hapa tunao wa kutosha. Wamenimalizia dari.”

“Ni pikó, mama.”

“Najua pikó ni nini. Sikualika sherehe.”

Alifungua taulo akaiweka santuri juu ya rundo la sketi za buluu. “Hii ni ya kwako.”

Eneida aliitazama. Akaishika pembeni kwa ncha za vidole, kama watu wanaojua santuri hushikwa vipi, akaigeuza upande wa pili, akairudisha upande wa kwanza.

“Mbona haina uso?”

Arístides alisema yote, akiwa amesimama kwa sababu hakukaribishwa kuketi. Alieleza stoo na magunia, fomu ya Efrén, chupa ya ramu, baharia ambaye hakuwapo, na mtu wa Bogotá aliyetaka majina. Cherehani iliendelea kwa muda, ikapunguza mwendo, ikanyamaza.

“Kwa hiyo walicheza,” alisema Eneida.

“Walicheza.”

“Wangapi?”

“Jumapili ya kanivali, mama, ungepanda juu ya paa usingeona vichwa vinaishia wapi.”

“Na mimi niko hapa napinda sketi.”

“Ndiyo.”

“Ukawaambia mimi ni wa Afrika.”

“Ndiyo.”

Bila kutazamiwa, Eneida alicheka, kicheko cha kutoka tumboni. “Marehemu mama yangu angefurahi sana! Alishinda akituambia babu yake alikuwa mfalme huko. Hakuna aliyemwamini hata siku moja.” Kicheko kikaisha kama kilivyokuja. Akavua miwani. “Kulikuwa na mtu pale kaunta. Siku niliyokwenda dukani. Mtu mwenye kofia nyeupe, anakunywa soda. Nilimtazama, nikajua huyu atasema kitu. Sijui kwa nini nilidhani hivyo.”

“Ni mimi, mama.”

“Ni wewe.” Alitikisa kichwa polepole. “Tulio, kaka yangu, aliuza gitaa wiki ile ile niliporudi. Akaenda Venezuela kupaka rangi nyumba za watu. Miaka kumi na tisa. Amefia huko akijua alichopiga kilikuwa upuuzi, maana mimi ndiye niliyemletea habari. Haya, mimi umenikuta hai, umeniambia. Yeye utamwambiaje?”

Arístides alivua kofia. Barabarani mtu alipita na mkokoteni wa mihogo. Eneida aliufuata kwa macho mpaka ukapita.

“Ulipenda wimbo gani?” aliuliza hatimaye.

“Watu waliupenda ule wa kwanza, wa gita—”

“Sikuuliza watu.”

Katika nyimbo nane za santuri ile, Arístides alizipigia umma moja tu, kwa kuwa moja ndiyo iliyochezeka. Saba zilizobaki hakuna sikio lingine lililozisikia. Lakini kila Jumatatu asubuhi, alipokuwa akisafisha santuri kwa kitambaa chenye unyevu, alifunga mlango akaweka upande wa pili, na alipofika wimbo wa nane, usio na ngoma wala gitaa, sauti ya mwanamke na makofi ya viganja tu, aliacha kusafisha.

Hakuueleza. Aliuimba, akiwa amesimama hapo na kofia mkononi, kwa sauti ya mzee aliyezoea kupiga kelele juu ya maspika na asiyeweza kushika noti. Aliimba ubeti wa mama anayeitwa kisimani na haitiki. Alipofika mahali pa viganja alinyamaza kidogo, kama wimbo unavyotaka, na katika kimya kile subana ya Eneida iligonga chuma cha cherehani mara mbili.

Aliumaliza wimbo wote, na Eneida hakumkatiza.

“Nilimwimbia mama siku arobaini baada ya kumzika,” alisema. “Yule bwana wa Barranquilla hakutaka kuurekodi. Alisema wimbo wa msiba hauuzi bia. Nilimlazimisha.” Alivaa miwani tena. “Kumbe yupo mmoja aliyeusikia.”

“Kila Jumatatu, mama.”

“Usijisifu. Sikumwimbia mmoja.”

Aliondoa gurudumu la uzi, akaliweka juu ya karatasi nyeupe ya kukatia ruwaza, akachora duara, akalikata kwa mkasi wa kitambaa. Akatoboa katikati kwa sindano nene. Kisha akaandika kwa kalamu ya buluu, herufi ndogo za mtu anayeandika vipimo: Tulio Salgado, gitaa. Epifanio Cañate, ngoma. Marceliano Berrío, ngoma. Sixta Pacheco na Ruperta Cañate, kuitikia. Jina lake aliliweka mwisho.

“Sixta bado yupo, nyumba ile ya kijani. Wengine wamekwenda. Huyo bwana wa Bogotá atayapata majina haya. Lakini si yeye uliyemdanganya. Waambie wale wa uwanjani kwanza, wote, kwa kipaza sauti kile kile.”

“Watanizomea, mama.”

“Watakuzomea. Mimi siku ile sijui nilirudije hapa. Lakini nilifika. Na wewe utafika.”

Hakumpa kahawa. Pwani ile hata mkusanya bili za umeme hupewa kahawa. Arístides aliielewa adhabu hiyo, akaipokea, akaaga.

Jumapili ya kwanza ya Desemba, saa tisa alasiri, Mchwa alisimamishwa kwenye uwanja wa Olaya, na habari kwamba Msumari utapigwa ilikuwa imevuta watu tangu saa sita. Mbele kabisa, kwenye kiti cha plastiki, aliketi Gumersindo Teherán, mpinzani wake wa miaka arobaini, tumbo mapajani.

Arístides alipanda jukwaani. Lebo ya karatasi alikuwa ameibandika mwenyewe.

“Msumari haukutoka Afrika,” alisema. “Hakuna baharia. Wimbo huu ni *Nyumba ya Mabati*, wa Eneida Salgado na wenzake, wa María la Baja, mwendo wa saa mbili kutoka hapa. Mimi ndiye niliyeficha santuri zao mpaka zikayeyushwa. Yeye akaambiwa hakuna anayemtaka. Nilikuwepo alipoambiwa, na nilinyamaza.”

Kwanza watu walidhani ni utani wa kuchangamsha sherehe. Kisha kelele zikazuka upande wa vinywaji.

“Mzee, acha hizo! Miaka thelathini namwambia mke wangu huyu ni wa Kongo!”

“Na mimi nilikwambia ni wa hapa hapa!” alijibu mke. “Unabisha kila kitu!”

Teherán aliinuka, uso umemwiva. “Mshenzi wewe, Marrugo! Nilituma baharia wa kweli mpaka Matadi huko Kongo kuitafuta! Karudi na malaria!”

Uwanja ulicheka, na kwa muda ilionekana kana kwamba kicheko kingemwokoa. Arístides hakukitaka kimwokoe. Alisubiri kiishe, akarudia: nilikuwepo, na nilinyamaza. Safari hii hawakucheka. Mmoja wa mashabiki wake wa zamani, aliyevaa fulana ya Mchwa kila Jumapili ya ujana wake, alisogea mbele, akamtazama, akatema mate chini, akatoka nje ya uwanja bila kugeuka nyuma. Wengine wachache walimfuata. Zomeazomea ilianzia kwao ikaenea, nayo ikakaa kitambo kirefu.

Ilipopungua aliyasoma majina sita, akianza na Tulio Salgado. Kisha akaweka upande wa pili wa santuri.

Hakuna aliyecheza. Hawakuzijua nyimbo zile. Walisimama na chupa zao mikononi, wakisikiliza kama watu waliofunguliwa chumba kipya katika nyumba waliyoishi miaka yote. Ilipofika zamu ya wimbo wa nane, spika sita zikatoa sauti moja ya mwanamke, na ulipofika sehemu za viganja, viganja vingine vikaitikia kutoka langoni. Vichwa viligeuka. Wanawake wawili waliovalia kama wa kanisani walikuwa wamesimama hapo, mmoja mwembamba mwenye miwani, mwingine, Sixta wa nyumba ya kijani, akiegemea fimbo kwa mkono mmoja na kupiga paja lake kwa wa pili. Yomaira alikwenda mbio na viti.

Wimbo ulipokwisha, mtu nyuma akapiga kelele, “Msumari! Tupe Msumari!”

Wengi wakadakia. Arístides alitazama langoni. Eneida, kwa sauti ambayo haikuhitaji kipaza, alisema, “Hauitwi hivyo.”

Watu walitazamana. Aliyejibu alikuwa Teherán, bado amekasirika, mikono kiunoni.

“Basi piga hiyo *Nyumba ya Mabati*, mzee, tusikie!”

Wakaiita wote, mara moja, mara mbili, na Arístides akashusha sindano. Gitaa la Tulio lilianza kupigilia, na uwanja ukaondoka ardhini.

Alishuka jukwaani, akamimina kahawa kutoka chupa ya Yomaira, akapita kandokando ya wachezaji mpaka langoni. Doña Eneida hakumtazama. Macho yake yalikuwa juu ya watu. Arístides alinyosha kikombe na kusubiri. Gitaa lilipoingia mzunguko wake wa pili, Eneida aliupeleka mkono akakipokea, lakini hakunywa. Alikishika hivyo kwa mikono miwili, midomo ikifuata maneno, mpaka kaka yake alipomaliza kupiga.